Mshono wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo atakayelisoma daftari hili anisamehe mwandiko. Wa kulia uko ndani ya plasta tangu adhuhuri. Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha, ngazi za maktaba zikalowa, nami nikazishuka kwa makalio mbele ya wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Hawakucheka mpaka nilipoinuka, na hilo nalihesabu kuwa heshima. Kifundo cha mkono kimevunjika. Daktari anasema wiki sita, au zaidi nikiwa mbishi. Mume wangu akamwambia aandike zaidi.

Maumivu ninayaweza. Kinachonikosesha raha ni makala. Imefika katikati, na Chama kinaitaka kabla mwezi haujaisha.

Jumatano, 6 Machi

Nimepambana na kifungo kimoja cha blauzi mpaka chai imepoa.

Alhamisi, 7 Machi

Niseme Chama ni nini, maana hata jirani yangu wa miaka yote hajaelewa. Ni chama cha watu wanaoichunguza Biblia kitaaluma: nani aliandika, lini, kwa nakala zipi, na ni wapi mwandishi mmoja ameacha na mwingine akapokea. Hatuombeani pale. Jirani bado ananipa majina ya wagonjwa wake kila ninapokwenda mkutanoni, na mimi nimechoka kukataa. Nayapokea tu.

Anayetaka uanachama kamili hutoa makala moja. Kamati ya watu watatu huisoma bila kujua ni ya nani, huandika maoni yake, ndipo jina hufunuliwa na mwenye makala huitwa kuhojiwa. Mimi ni mwanachama wa kawaida, maana yake nalipa ada na kukaa viti vya nyuma. Nisingejali. Lakini Mkuu wa chuo chetu ametoa agizo kwamba mwalimu wa Maandiko asiye na uanachama kamili hataongezewa mkataba, na wangu unakwisha na muhula huu. Makala isipopita, sina kazi. Ndiyo habari yote.

Jumamosi, 9 Machi

Mama amefika na mkoba wake na mwavuli uliogeuka nje ndani. Nilimwambia kwenye simu asije. Amekuja.

Jumanne, 12 Machi

Mama alikuwa mpiga chapa wa mahakama mpaka alipostaafu. Mume wangu anatafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele, kwa hiyo mama ndiye anayeandika: mimi nimelala kwenye kochi nasema, yeye yuko mezani anapiga. Anazigonga herufi za kompyuta kwa nguvu za mashine ya zamani ya kupigia chapa, na kila mwisho wa mstari mkono wake wa kushoto unainuka kutafuta kitu ambacho hakipo tena.

Makala inahusu Daudi na Goliathi. Hadithi ile imeshonwa kutokana na mbili. Katika moja, Daudi ameshaajiriwa na Sauli, anampigia kinubi, anambebea silaha. Katika nyingine ni mchungaji aliyetumwa na Yese baba yake kuwapelekea kaka zake chakula vitani, na Sauli hamjui hata kwa sura. Tafsiri moja ya kale ya Kiyunani ina hadithi ya kwanza tu, ya pili karibu yote haimo. Mimi kazi yangu ni kuonyesha mshono ulipo.

Mama alisikiliza, kisha akauliza kwa nini sisemi tu kwamba zilikuwa mbili. Nikamwambia ndivyo ninavyosema. Akasema hapana, mimi nasema huenda zilikuwa mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Tumegombana juu ya "huenda". Mama hawezi kuivumilia. Amezeeka akiandika maneno ya watu waliokula kiapo, na kwake shahidi ama aliona ama hakuona. Nilimweleza kuwa sisi tunaongea juu ya watu waliokufa zamani sana na hakuna hata mmoja wa kuulizwa, kwa hiyo tunatembea kwa tahadhari. Akasema tahadhari ni sawa, lakini mimi natembea kama niliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Nikamwambia aandike ninavyosema. Akasema sawa, mama yangu. Akiniita mama yangu, najua amekasirika.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Dawa za maumivu zinanilaza. Nasema sentensi mbili, nasinzia, naamka nakuta ananingoja.

Alhamisi, 21 Machi

Imekwisha, imetumwa. Sikuirudia, macho yalikuwa yananifunga. Mama aliuliza kama nataka anisomee, nikamwambia nilikuwepo iliposemwa. Nimeshusha pumzi. Nimekula mkate kwa mkono wa kushoto bila kupaka nguo siagi, na huo nao ni ushindi.

Jumanne, 26 Machi

Hakuna habari. Mvua.

Jumanne, 2 Aprili

Mkuu wa chuo amenisimamisha kwenye korido kuuliza mkono unaendeleaje, halafu, akiwa bado anautazama mkono, akauliza Chama kinasemaje. Hakuniuliza kwa ubaya. Ameshapata barua ya mtu mwingine anayetaka somo langu, akaniambia hivyo mwenyewe ili nisije kusikia kwa watu. Namshukuru, na nimekosa hamu ya chakula.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo mkono wa kushoto utanisamehe, nitaandika mpaka uchoke.

Katibu wa Chama alipiga simu asubuhi. Ni mtu mwema, na akiwa na habari mbaya huanza na hali ya hewa. Alipofika kwenye mafuriko ya mtaa wa pili nilijua mambo yameharibika. Akasema kamati imesoma, imeandika maoni, jina limefunuliwa, na natakiwa nije kuhojiwa tarehe ishirini. Nikamwuliza maoni ni mazuri? Akasema, "Ni marefu." Akayatuma.

Nimeyasoma nikiwa nimesimama jikoni. Yameandikwa na Mkasi, hilo halina siri. Mzee huyu aliwahi kuchukua nakala ya kitabu cha Isaya, akaikata vipande kwa mkasi halisi, akavibandika ukutani ofisini kwake kwa rangi tofauti, kila mwandishi na ukuta wake. Ndipo jina lilipoanzia. Hakuna anayemzidi kwa kuona pale kalamu ilipobadilika mkono. Nimefundisha vitabu vyake na nimewalazimisha wanafunzi kuvipenda.

Sasa amenikata mimi. Anasema makala hii ina waandishi wawili, na mshono uko ukurasa wa kumi na moja, mstari wa saba. Mwandishi wa Kwanza, anasema, ana sentensi ndefu, anajihami, hatoi kauli bila kuiwekea mto chini. Mwandishi wa Pili ni mtu mwingine kabisa. Anasema kwa mkato. Anatumia maneno ya mahakamani: imethibitika, ushahidi upo, haina ubishi. Ni mtu mzima, amezoea kusikilizwa, na kwa maoni yake ni mwanamume mwenye mamlaka. Ukurasa wa kumi na tisa amepigia mstari sentensi moja nzima na kuandika pembeni: hii haikutoka kwa Mwandishi wa Kwanza kwa namna yoyote ile.

Basi jina lilipofunuliwa wakaona mimi ni mwanafunzi wa Profesa marehemu, yule aliyesifika kwa maneno machache, na kwamba mihadhara yake ambayo haijachapishwa nilikabidhiwa mimi na mjane wake. Hawakuandika neno wizi. Wameandika: "Kamati ingependa kujua asili ya nusu ya pili."

Nimekaa chini sakafuni. Ile mihadhara iko kabatini na sijaifungua tangu mazishi kwa sababu nikiuona mwandiko wake nalia. Na wao wanasema nimeiba humo. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumamosi, 6 Aprili

Kitu kimoja nilichosahau jana. Wakati mwingine wowote ningesoma maoni yale nikasema: safi sana, kazi ya bingwa.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimewaambia nyumbani. Mume wangu, ambaye ni fundi wa lifti na haoni aibu kuuliza, akauliza kama Mkasi anaweza kukosea. Nikasema anaweza. Akasema basi amekosea, tule. Mama aliondoa sahani kabla hatujamaliza.

Mume wangu akasema niwaambie ukweli: nusu ya kwanza niliandika, nusu ya pili nilisema kwa mdomo nikiwa na plasta, na mtu akisema hawi sawa na anapoandika. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimembusu mbele ya mama.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekaa kwenye kochi lile lile, mama kwenye meza ile ile, niandikiwe barua ya utetezi. Nikasema, polepole ili asipitwe: "Maneno yote ya makala hii ni yangu, kadiri ninavyokumbuka, na kwa kiasi ambacho hali yangu ya wakati ule iliniruhusu kuyasimamia."

Herufi zikagongwa, zikanyamaza. Mimi nilikuwa bado naongea. Safari hii sikuwa na dawa kichwani, na nilisikia vizuri: vidole vyake vimetulia, mdomo wangu unaendelea.

Nikamwambia anisomee.

Akasoma, "Maneno yote ya makala hii ni yangu."

"Na mengine?"

"Ndiyo hayo."

Mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kutusaidia kukaa kimya. Nikamwuliza, "Mama, na kule kwenye makala?" Akautazama mkoba wake kama vile kuna mtu ndani wa kumjibia. Akasema na kule pia. Nikauliza mara ngapi. Akasema mara nyingi, mwanangu, kila ulipojikunja. Nikauliza kama ameondoa tu au ameongeza. Akasema ameongeza kimoja tu, kidogo, nilikuwa nimelala.

Nimetoka nje nikasimama barazani kwenye matope na kandambili. Nilikuwa tayari kula kiapo mbele ya Chama kizima kuwa hakuna Mwandishi wa Pili. Kumbe yuko kwangu, anakunywa chai yangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Hatuongei.

Ijumaa, 12 Aprili

Hatuongei. Amenifunga vifungo vya blauzi, na hatuongei.

Jumamosi, 13 Aprili

Hatimaye nimeifungua makala na kuisoma kuanzia ukurasa wa kumi na moja. Nilitaka kuichukia. Mstari wa saba ni pale pale nilipoishia kabla ya kuanguka. Mkasi hakukosea hata kwa neno moja, na nimebaki kumstaajabia mtu ambaye wiki nzima nimemwombea kikohozi.

Kuna mahali mama amenipendezesha. Kuna aya niliyoizunguka kwa mistari minne nikiogopa kuingia, yeye ameingia kwa mmoja. Lakini kuna mahali amenichimbia kaburi. Nilisema kwamba huenda hadithi ya pili ni ya kale kuliko ya kwanza, hapo wasomi bado wanashikana mashati. Yeye ameandika: Hadithi ya pili ni ya kale kuliko ya kwanza. Nukta. Hakuna anayelijua hilo duniani. Kwa sentensi hiyo peke yake ningeweza kuchekwa mpaka nistaafu.

Na ukurasa wa kumi na tisa iko ile aliyoipigia mstari Mkasi. Naeleza namna Yese anavyomtuma Daudi na mikate na jibini, na kwamba jambo hilo linatumika kumfikisha Daudi uwanjani. Halafu, bila kubisha hodi, inakuja hii: "Yese alituma chakula lakini alichokuwa anataka ni habari za watoto wake."

Nimeirudia. Nimefundisha sura hiyo miaka mingi. Nimemtaja Yese mara zisizo na hesabu, kila mara kama mpini wa kumshikia Daudi. Haikuwahi kunijia kuwa baba huyo alikuwa na hofu, ingawa imeandikwa waziwazi kwamba alitaka aletewe jibu.

Jumapili, 14 Aprili

Tumeongea. Mimi nilianza, maana yeye angeweza kukaa kimya mpaka kiangazi. Nilimwambia alichofanya ni kibaya, kwamba nilimkabidhi maneno yangu nikimwamini, na kwamba sasa hata nikisema kweli kazi inaweza kwenda, kwa sababu kanuni ya Chama inataka makala iwe ya mwombaji mwenyewe. Alilia kidogo, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akasema hakukusudia. Nikasema najua. Nikalia mimi pia, na mkono ukawasha ndani ya plasta nisiweze kuukuna, tukaishia kucheka.

Jumanne, 16 Aprili

Njia ziko mbili. Nikisema nilitunga kwa mdomo nikiwa mgonjwa, nitakuwa sijadanganya, na hakuna atakayejua zaidi ya sisi watatu. Mume wangu anasema hiyo ndiyo njia ya mtu mwenye akili. Nikisema yote, Mwandishi wa Pili atajulikana, na kanuni inaweza kunikata shingo.

Mama anataka arudi kwake kesho ili asiwe karibu nikiulizwa. Nimemwambia akiondoka sitamsamehe. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka.

Jumatano, 17 Aprili

Roho juu juu. Wanafunzi wamewasilisha kazi zao na nimewapa wote alama za juu. Kesho nitazirekebisha.

Ijumaa, 19 Aprili

Plasta imetoka. Mkono umekonda na una harufu ya soksi. Haya ndiyo maandishi yake ya kwanza, na yanatetemeka.

Nimeamua nitasema yote. Uadilifu haumo katika hesabu hii, nisijisifu. Hawa ni watu ambao maisha yao yote wametafuta mshono, mmoja wao ameuona wangu kwa usahihi wa kuogofya, nami nimwambie haupo? Siwezi. Mume wangu amesema basi avae shati zuri, kama ni kufukuzwa tufukuzwe tumependeza. Nimemwambia haji. Mama ndiye anakuja. Amejialika.

Jumamosi, 20 Aprili

Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Chumba cha mikutano cha Chama kiko juu ya duka la vioo. Meza ni ndefu, viti havifanani, na kwenye kona kuna ndoo inayopokea mvua kutoka darini. Upande wa pili walikaa watatu: Katibu, mtaalamu wa Kiyunani ambaye huongea mara moja kwa kikao, na Mkasi, mdogo wa umbo, tai imekazwa, maoni yake mbele yake yamenyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Mama alikaa kando yangu na mkoba mapajani. Katibu akauliza kwa adabu yeye ni nani. Nikasema ni mama yangu, na atahitajika.

Wakanipa nafasi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, ikayeyuka. Nikasema, "Mnauliza asili ya nusu ya pili. Mawazo ni yangu. Niliyasema kwa mdomo kwa sababu mkono ulikuwa umevunjika. Aliyeyaandika ni huyu hapa, na alipunguza, na aliongeza sentensi moja. Sikujua mpaka wiki iliyopita. Mshono upo, na uko pale pale mliposema." Nikaongeza kuwa mihadhara ya Profesa iko kabatini, imefungwa kwa uzi aliofunga mjane wake, na nimeileta ikiwa wanataka kuutazama uzi.

Hakuna aliyeutaka. Mtaalamu wa Kiyunani akamtazama Katibu, Katibu akaitazama ndoo. Nikaona kiti changu cha darasani kikikaliwa na mtu mwingine.

Mkasi hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama. Akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza, sauti yake ndogo kuliko nilivyoizoea majukwaani, kama ni kweli alikuwa ameondoa maneno ya tahadhari. Mama akasema ni kweli. Akauliza kama alianza mstari wa saba. Mama akasema mistari hakuihesabu, lakini alianza siku aliyofungua mashine. Akauliza kuhusu sentensi ya ukurasa wa kumi na tisa. Mama akasema hiyo ni yake.

Mkasi akayasukuma maoni yake kando. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasikia:

"Mama, mimi umri wangu wote nimekuwa namtafuta mtu kama wewe. Mtu aliyepokea maneno ya mwenzake, akayapunguza, akatia lake moja, akanyamaza. Nimeandika vitabu juu yake. Nimesema alifanya hivyo kwa ajili ya mfalme, au kwa ajili ya makuhani, au kwa kuogopa. Sijawahi kumwuliza hata mmoja wao, wote wamekufa. Naomba unijibu wewe. Kwa nini ulifanya hivyo?"

Nilitaka kumjibia. Mama akaniwekea mkono juu ya mkono wangu uliokonda, akafikiri kama mtu aliyeapishwa.

"Alikuwa anasema jambo analolijua, halafu anaomba radhi kwa kulijua," akasema. "Nikaona watamdharau. Nilitaka mwanangu aaminike, basi. Nikayatoa."

"Na ile ya Yese?"

"Hiyo," mama akasema, "siku hiyo alikuwa amelala na mkono wake ule, nami nimekaa naye. Alikuwa amenisomea habari ya huyo kijana mpaka mwisho. Baba yake nikaona hakuna anayemkumbuka."

Mkasi aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa na maji machoni na hakujishughulisha kuyaficha. Akachukua kalamu, akaandika kitu, muda wa kutosha ndoo kudondokewa mara kadhaa. Kisha akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza. Akasema, "Nilikudhania wizi. Nikiona mshono kwenye Biblia simwiti mtu mwizi. Kwako nilikimbilia huko moja kwa moja. Unisamehe." Nikasema nimesamehe. Nilikuwa nimesamehe kabla hajamaliza, kwa furaha tu ya kuweza kupumua.

Akasoma tena maoni yake mwenyewe, akatikisa kichwa. Alikuwa amepatia mtu mzima, mahakama, na kuzoea kusikilizwa. Akakiri kuwa alikosea kusema mwanamume. Mama akasema, "Na mamlaka pia, Bwana Mkasi. Nyumbani hawanisikilizi." Nikafa kwa aibu, maana jina lile hatulisemi mbele yake. Yeye akacheka mpaka akakohoa. Akasema analijua tangu zamani na mkewe ndiye aliyelianzisha.

Tukatolewa nje kwenye korido. Mama aliniuliza kama ameharibu. Nikamwambia sijui. Hatukukaa sana. Katibu alifungua mlango mwenyewe akiwa anatabasamu, na hakutaja hali ya hewa.

Nimekubaliwa. Uanachama kamili. Makala itachapishwa kwa sharti kwamba nirudishe tahadhari zangu pale zinapostahili, na mtaalamu wa Kiyunani, kwa mara yake moja ya siku, akasema: "Pale zinapostahili tu. Ulikuwa umezidisha." Sentensi ya ukurasa wa kumi na tisa inabaki, na katika maelezo ya chini itasemwa ni ya nani. Mama akauliza kwa nini chini. Mkasi akamweleza kwa subira kuwa wasomi huanza kusoma huko.

Tumeteremka ngazi tumeshikana kwa sababu zilikuwa zimelowa. Kufika chini nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, nikacheka peke yangu kama punguani huku mama ananishikia mwavuli mbovu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimerudisha zile zinazostahili. Nyingine nimeziacha zilale huko mama alikozitupa.

Jumatano, 24 Aprili

Mama amerudi kwake asubuhi. Nyumba imekuwa pana ghafla. Mume wangu amefua mapazia bila kuambiwa, jambo linalonitia wasiwasi.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkuu wa chuo aliniita nimwone saa za mchana. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wake simu ikalia. Mama. Nikamwambia kwa kunong'ona kuwa naingia kwa Mkuu, ni kuhusu mkataba, nitampigia jioni.

Akasema hana maneno mengi. Amekisoma kile kitabu cha Samweli, ameenda nacho mbele sana mpaka Daudi amekuwa mtu mkubwa. Alitaka kuniuliza kitu.

"Yule baba," akasema. "Hawasemi popote kama siku ile kijana alirudi kumpa jibu?"

"Hawasemi, mama."

"Alikaa tu akingoja?"

"Hawasemi."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Haya. Ingia."

Nikaingia. Haikuchukua muda. Mkuu alikuwa amekwisha kutia sahihi yake, akanisukumia kalamu na kunipongeza, akasema yule mwombaji mwingine atatafutiwa nafasi mahali pengine. Nikatia sahihi kwa mkono wa kulia, nikashukuru, naye akaanza kunieleza ratiba ya muhula ujao. Nikamwomba radhi nikiwa nimeshainuka. Nikamwambia kuna mtu lazima nimpigie sasa hivi.

Mama alipokea kabla simu haijalia mara ya pili.